Uzito na Afya ya Akili Katika Ujauzito: Mwongozo wa Kufuatilia Vyote Viwili kwa Pamoja

Kila mjamzito anayefika kliniki hupandishwa kwenye mizani. Namba inaandikwa kwenye kadi, anaambiwa imepanda au imeshuka, kisha anaitwa anayefuata. Ni mara chache anaulizwa kama analala, kama analia akiwa peke yake, au kama kuna kitu bado kinampa furaha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya habari inabaki mlangoni.

Msimamo wangu ni kwamba uzito wa mjamzito na hali ya moyo wake vinapaswa kuandikwa kwenye daftari moja na kusomwa siku moja. Namba ya mizani mara nyingi hutangulia kutoa taarifa ya jambo ambalo mama mwenyewe bado hajapata ujasiri wa kulisema. Na fadhaa nayo hubadilisha anavyokula, anavyolala na anavyotembea, mwisho inaonekana kwenye mizani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wajawazito duniani, na asilimia 13 ya waliojifungua, hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, ambayo wengine huiita unyogovu. Katika nchi zinazoendelea makadirio hayo hupanda hadi asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Kuhusu uzito, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mambo haya mawili husukumana: wenye unene uliokithiri walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 55, wa kuja kupata sonona, na wenye sonona walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 58, wa kuja kuwa na unene huo. Uchambuzi ule ulihusu watu wazima kwa jumla, lakini tafiti za wajawazito nazo zinaelekea upande huohuo.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kama umeshafika mwezi wa sita na hujafanya lolote kati ya haya, anza leo na hatua ya tatu, kisha urudi nyuma.

Hatua ya kwanza: ijue namba yako ya kuanzia

Unahitaji vitu viwili: uzito wako kabla ya mimba na urefu wako. Kama hukupima kabla ya mimba, tumia uzito wa mahudhurio yako ya kwanza kliniki, mradi yalikuwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Gawanya uzito kwa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Jibu ndilo linaloitwa BMI.

Tuchukue mwanamke mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.62. Anazidisha 1.62 kwa 1.62, anapata 2.62. Anagawanya 78 kwa 2.62, anapata karibu 29.8. Yuko kwenye kundi la uzito uliozidi, karibu kabisa na mpaka wa unene uliokithiri, ambao huanzia 30.

Ukishapata namba yako, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari na uiache hapo. Kazi yake ni kukuonyesha kipimo gani cha ongezeko kinakuhusu. Haikuelezi kama wewe ni mama mzuri, wala haitabiri mtoto atakuwaje. Nasema hivi kwa sababu nimeona wanawake wakiibeba namba hiyo kama hukumu kwa miezi yote tisa.

Hatua ya pili: jua ongezeko linalotarajiwa kwako

Viwango vinavyotumika sana ni vile vilivyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2009. Kwa mimba ya mtoto mmoja, jumla ya ongezeko hadi kujifungua ni hii:

BMI chini ya 18.5: kilo 12.5 hadi 18.
BMI 18.5 hadi 24.9: kilo 11.5 hadi 16.
BMI 25 hadi 29.9: kilo 7 hadi 11.5.
BMI 30 na kuendelea: kilo 5 hadi 9.

Mwenye pacha huongezeka zaidi. Kwa mwenye uzito wa kawaida ni kilo 17 hadi 25. Miezi mitatu ya kwanza ongezeko ni dogo, nusu kilo hadi kilo mbili tu, na wapo wanaopungua kidogo kwa sababu ya kichefuchefu. Baada ya hapo mwenye uzito pungufu hupanda karibu nusu kilo kwa wiki, mwenye uzito wa kawaida gramu 400 hivi, mwenye uzito uliozidi gramu 300, na mwenye unene uliokithiri gramu 200 na kitu.

Ni vizuri ujue kilo hizo zinakaa wapi, maana wengi hudhani zote ni mafuta. Kwa ongezeko la kilo 12 na nusu, mtoto huchukua kilo 3.4 hivi. Kondo la nyuma ni kama gramu 650, maji ya uzazi gramu 800, mji wa mimba uliokua karibu kilo moja, na matiti gramu 400. Damu yako inaongezeka kwa zaidi ya kilo moja, na maji mengine ya mwilini kilo moja na nusu. Mafuta ni kilo tatu na zaidi kidogo, nayo ni akiba ambayo mwili utaitumia kutengeneza maziwa. Mwanamke anayelia kwa sababu amepanda kilo nane, mara nyingi analilia damu, maji na mtoto wake mwenyewe.

Kupunguza uzito kwa makusudi wakati wa ujauzito hakushauriwi, hata kwa mwenye BMI ya juu. Lengo ni kwenda kwa mwendo unaofaa. Ni kweli kwamba unene uliokithiri huongeza uwezekano wa kisukari cha mimba, shinikizo la damu, damu kuganda kwenye mishipa na kujifungua kwa upasuaji, na una haki ya kuelezwa hayo bila kufichwa. Lakini anayekueleza kwa kukuaibisha hakusaidii. Mwanamke aliyeaibishwa kwenye mizani huanza kukosa mahudhurio, na mahudhurio ndiyo yanayogundua matatizo hayo mapema.

Hatua ya tatu: fungua daftari lenye mistari minne

Mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kula, ukiwa na nguo nyepesi, andika:

Uzito.
Hali ya moyo wiki hii, kutoka 0 hadi 10.
Usingizi: wastani wa saa kwa usiku, na kilichokuwa kinakuamsha.
Sentensi moja ya jambo kubwa la wiki.

Mstari wa nne usiuruke. Ndio unaofanya mistari mingine itoe maana. Mfano wa wiki tatu mfululizo:

Wiki ya 22: kilo 66.1. Moyo 7. Saa 7, naamka kukojoa. Mtoto amecheza kwa mara ya kwanza.
Wiki ya 23: kilo 66.0. Moyo 4. Saa 5, naamka saa tisa usiku silali tena. Nimegombana na dada mkubwa kuhusu hela.
Wiki ya 24: kilo 65.4. Moyo 3. Saa 4. Sina hamu ya kupika, nakula mara moja.

Ukiangalia uzito peke yake, tofauti ni gramu 700, kitu ambacho mizani tofauti au vikombe vichache vya maji vingeweza kukifunika. Ukisoma mistari yote minne, unaona mtu anayezama. Huyu anapaswa kuongea na mkunga wiki hiyohiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Usijipime kila siku. Uzito hupanda na kushuka kwa kilo nzima ndani ya siku kutokana na maji, chumvi na choo, na anayepima kila asubuhi huishia kuishi kwa wasiwasi. Kama hata mara moja kwa wiki kunakuvuruga, au umewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, usipime nyumbani kabisa. Waachie kliniki, nawe baki na mistari mitatu mingine.

Na kama unaishi na mtu anayekupiga, kukutisha au kukupekua, usiandike lolote linaloweza kukuhatarisha. Tumia alama unazozijua mwenyewe, au hifadhi kichwani na umweleze mhudumu ukiwa naye peke yenu. Ukatili nyumbani huweza kuanza au kuzidi wakati wa ujauzito, na ni miongoni mwa sababu kubwa za sonona kwa wajawazito.

Hatua ya nne: pima hali ya moyo kwa kipimo, usikisie

Namba yako ya 0 hadi 10 inatosha kwa wiki. Kwa uamuzi mkubwa zaidi kuna dodoso la Edinburgh, lililochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua, na sasa linatumika pia kwa wajawazito. Lina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila moja lina alama 0 hadi 3, na jumla ni 30. Kliniki nyingi huchukulia alama 10 hadi 12 kuwa ishara ya kufuatilia kwa karibu na kurudia kipimo, na 13 kwenda juu kuwa ishara ya uchunguzi kamili wa sonona. Dodoso halithibitishi ugonjwa. Linaonyesha nani anahitaji kukaa na mtaalamu.

Uzuri wake kwa mjamzito ni kwamba haliulizi kuhusu hamu ya kula wala uchovu, na swali lake la usingizi linahusu kukosa usingizi kwa sababu ya kutokuwa na furaha. Madodoso mengi ya sonona huhesabu uchovu, mabadiliko ya uzito na kukosa usingizi, mambo ambayo mjamzito mwenye furaha tele anaweza kuwa nayo yote. Lile la Edinburgh linaangalia kama bado unacheka, kama unatazamia mambo yajayo, kama unajilaumu pasipo sababu, kama unaogopa bila kujua unaogopa nini. Mwombe mkunga akupe ulijaze angalau mara mbili: mwanzoni mwa ujauzito na tena kwenye miezi mitatu ya mwisho.

Swali la 10 linauliza kama katika siku hizo 7 umefikiria kujidhuru. Jibu lolote ambalo si "kamwe" linahitaji mazungumzo siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Ukiwa nyumbani na mawazo hayo yakakujia, usikae peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno yaleyale yanayopita kichwani, ondoeni chochote cha hatari kilicho karibu nawe, na mwende wote kituo cha afya chenye huduma ya dharura.

Hatua ya tano: soma uzito na moyo kwa pamoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Uzito haupandi, au unashuka, na moyo unashuka. Kitu cha kwanza kuangalia ni kama kuna kutapika kupita kiasi. Ukipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako wa kabla ya mimba kwa kutapika, yaani kilo 3 kwa aliyekuwa na kilo 60, hiyo si "homa ya mimba" ya kuvumilia. Ni hali inayohitaji matibabu, pengine maji ya mshipa na vitamini B1. Hali hii peke yake inaweza kuleta sonona: mtu asiyekaa na chakula tumboni kwa wiki sita, ambaye kila mtu anamwambia ni kawaida, atavunjika moyo. Mkitibu kutapika, mara nyingi moyo nao unainuka. Kama hakuna kutapika, uliza kama chakula kinapatikana nyumbani, kisha uliza kama hamu imepotea pamoja na furaha. Hilo la mwisho ndilo sonona yenyewe.

Uzito unapanda haraka na moyo unashuka. Mara nyingi kuna usiku katikati ya habari hii. Mama halali, anaamka, anakula kitu kitamu kwa sababu ndicho kinachomtuliza, asubuhi amechoka, hatembei, usiku unaofuata anarudia. Wengi hujibu hali hii kwa kujifunga kula mchana kutwa kama adhabu, na njaa ya mchana inazidisha ulaji wa usiku. Rekebisha usingizi na milo ya mchana kwanza. Ulaji wa usiku utapungua wenyewe kwa kiasi kikubwa. Angalia pia dawa: baadhi ya dawa za akili, kwa mfano zilizoandikwa olanzapine, quetiapine au mirtazapine kwenye boksi, huongeza hamu ya kula. Usiziache. Mwambie daktari akupime sukari na mjadili.

Uzito unaruka ghafla ndani ya siku chache. Baada ya wiki ya 20, ukipanda kilo moja au mbili ndani ya wiki huku uso na mikono vikivimba, hayo ni maji, hayatokani na chakula. Ukiongeza kuumwa kichwa kusikokwisha, kuona vimulimuli au giza, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, au kushindwa kupumua, nenda hospitali saa hiyohiyo wakapime shinikizo la damu na mkojo. Hizo ni dalili zinazotangulia kifafa cha mimba. Nimeiweka hapa kwa makusudi, kwa sababu mama anayeona aibu kuhusu uzito wake anaweza kuficha ongezeko hili akidhani atalaumiwa kwa kula.

Uzito uko sawasawa na moyo uko chini. Hili ndilo kundi linalosahauliwa kuliko yote. Kadi inapendeza, mtoto anakua, mhudumu anampongeza, na mama anatabasamu akitoka. Hakuna namba itakayomsaliti. Kama uko hapa, ni lazima useme wewe mwenyewe.

Moyo unategemea mizani. Siku ya kliniki huli tangu jana yake ili namba iwe ndogo. Ukipanda nusu kilo siku nzima imeharibika. Unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha, au unafanya mazoezi hadi unatetemeka. Haya ni matatizo ya ulaji, nayo hutokea kwa wajawazito wa uzito wowote, wakiwemo wanene. Mweleze mkunga moja kwa moja, na omba upimwe ukiwa umeipa mizani mgongo, namba isitajwe kwa sauti. Ni ombi la kawaida kabisa na halipunguzi ubora wa huduma.

Jambo moja la kukumbuka kabla hujaita kila kitu sonona: upungufu wa damu na tezi ya thairoidi inayofanya kazi polepole huleta uchovu, uzito wa mwili na huzuni vinavyofanana sana nayo. Kipimo cha damu kinatenganisha. Omba kifanyike mapema.

Hatua ya sita: nenda kliniki ukiwa umejiandaa kusema

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua 8 katika ujauzito mmoja. Muda wa kila moja huwa mfupi. Anayefika bila kujiandaa hutoka amepimwa tu. Andika sentensi mbili kabla hujatoka nyumbani na uzisome kama zilivyo, hata ukiwa unatetemeka. Kwa mfano:

"Nesi, kabla hujanipima naomba dakika mbili. Wiki tatu sasa silali zaidi ya saa nne na uzito wangu unashuka, na sijisikii furaha yoyote kuhusu mimba hii. Naomba dodoso la hali ya moyo na kipimo cha damu."

Mwonyeshe daftari. Mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kupuuza "najisikia vibaya", lakini ni vigumu kupuuza wiki tatu zilizoandikwa. Akikwambia ni homoni tu na utazoea, uliza swali hili: "Nikiendelea hivi wiki mbili zaidi, nirudi kwa nani?" Swali hilo linamlazimisha ataje jina au chumba. Kama bado hupati msaada, omba kuonana na mwingine. Si utovu wa adabu.

Mwenye BMI ya 30 na zaidi aulize pia kuhusu kipimo cha kisukari cha mimba, ambacho kwa kawaida hufanywa wiki ya 24 hadi 28 na wakati mwingine mapema zaidi, na kuhusu dozi ya asidi ya foliki, kwa sababu baadhi ya nchi humpa dozi kubwa kuliko mikrogramu 400 za kawaida.

Hatua ya saba: milo, mwendo, usingizi

Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada. Ya pili unahitaji kama kalori 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450, kiasi kinacholingana na mlo mmoja mdogo. Kwa hiyo "kula kwa ajili ya watu wawili" ni ushauri mbaya, na kujinyima ni mbaya zaidi. Milo mitatu kwa saa zilezile, na vitafunwa viwili kati yake, hutuliza sukari ya damu na hasira kwa pamoja. Siku ambazo moyo uko chini sana, lengo lisiwe chakula bora. Liwe kula.

Mwendo una nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mjamzito asiye na katazo la daktari, inapendekezwa angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Unasaidia mizani, sukari, shinikizo la damu na dalili za sonona. Mwenye sonona akiambiwa dakika 150 anaweza kukata tamaa papo hapo, basi anza na dakika kumi baada ya mlo mmoja, na mtu wa kuongozana naye ikiwezekana. Acha na utafute msaada ukiona damu, maji yakivuja, kizunguzungu au maumivu ya kifua.

Usingizi: kuanzia wiki ya 28 lala ubavu. Ukiambiwa unakoroma sana na pumzi inakatika usiku, mwambie daktari, hasa kama uzito uko juu, kwa sababu kukatika pumzi huchosha mwili na kuvuruga moyo. Na kama unaamka usiku wa manane ukiwa na mawazo mazito kila siku kwa wiki mbili, hilo si tatizo la mto wala godoro.

Hatua ya nane: matibabu yapo, yatumie

Kwa sonona nyepesi na ya wastani, tiba ya mazungumzo hufanya kazi, na haihitaji lazima daktari bingwa. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Atif Rahman na wenzake uliofanyika vijijini Pakistani. Wahudumu wa afya wa jamii, wasio wataalamu wa akili, walifundishwa kuwatembelea kina mama wenye sonona na kuwasaidia kutambua mawazo yanayowaangusha na kuyabadilisha kwa vitendo vidogo. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya waliotembelewa hivyo bado walikuwa na sonona, ikilinganishwa na asilimia 53 ya waliopata matembezi ya kawaida. Shirika la Afya Duniani lilichukua njia hiyo na kuitolea mwongozo mwaka 2015. Ukiambiwa hakuna daktari wa akili karibu, uliza basi mshauri, muuguzi au mhudumu wa jamii aliyefundishwa.

Sonona kali huhitaji dawa, na zipo zinazotumika katika ujauzito. Hatari kubwa ninayoiona ni mwanamke kugundua ana mimba leo na kutupa dawa zake kesho. Kurudi kwa ugonjwa mkali katikati ya ujauzito kuna madhara yake kwa mama na mtoto. Nenda kwa daktari ndani ya siku chache, ukiwa na boksi la dawa mkononi. Haraka zaidi inahitajika kwa anayetumia sodium valproate, dawa ya kifafa na ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambayo hudhuru mtoto tumboni: takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za maumbile. Hata hiyo usiikatishe mwenyewe, hasa kama unaitumia kwa kifafa. Daktari ndiye atakayekubadilishia. Anayetumia lithiamu, dawa nyingine ya ugonjwa huo wa hisia, anahitaji kupimwa kiwango chake kwenye damu mara kwa mara, kwa kuwa figo za mjamzito huitoa kwa kasi zaidi.

Kwa unayeishi naye

Kama wewe ni mume, mama mzazi, mama mkwe au dada, una kazi tatu. Usitoe maoni kuhusu mwili wake, hata ya sifa. "Umenawiri" inaweza kumchoma anayeogopa kunenepa. Chukua kazi moja ya nyumbani kabisa, usisubiri kuombwa. Na uliza mara moja kwa wiki, mkiwa wawili, kisha nyamaza umsikilize: "Wiki hii moyo wako umekuwaje?" Akijibu "niko sawa" huku hali chakula, halali na hataki kuonana na watu, msindikize kliniki. Usibishane naye kuhusu kama anaumwa.

Baada ya kujifungua usilifunge daftari

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka mama aonwe angalau mara nne baada ya kujifungua: ndani ya saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Nenda na daftari kwenye kila mojawapo na ujaze tena dodoso. Machozi ya siku chache za mwanzo ni ya kawaida na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakipita hapo, ni jambo la kutibiwa. Usianze kupambana na uzito katika wiki sita za kwanza. Mstari wa uzito uache wazi ukitaka, lakini mistari ya moyo na usingizi iendelee hadi mtoto atimize mwaka, kwa sababu sonona ya uzazi inaweza kuanza wakati wowote katika kipindi hicho.

Kuna hali moja ambayo haingoji mahudhurio. Kwa mama 1 au 2 kati ya 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za kwanza, akili huvurugika ghafla: halali kabisa na hachoki, anaongea haraka bila mpangilio, anasikia sauti, anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na mpango wake uandikwe kabla hajajifungua: nani atakuwa naye usiku, hospitali gani itampokea, usafiri uko wapi. Akianza dalili hizo asiachwe peke yake wala na mtoto peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hutibika, na walio wengi hupona kabisa.